Mfupa, Kisukuku na Sampuli: Uhakiki wa Istilahi za Protini za Kale

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa umbo lake, wala kwa wepesi wa kuitamka tu. Hupimwa zaidi kwa hitimisho ambalo msomaji atalifikia akiwa peke yake nayo, mtaalamu hayupo karibu kumsahihisha. Neno likimwongoza msomaji kwenye hitimisho la kweli, limefanya kazi yake. Likimpeleka kwingine, basi hata kama limeundwa kwa kufuata kanuni zote za uundaji, lina kasoro. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuhakiki istilahi chache zitumikazo katika taaluma moja changa: kusoma protini zilizobaki katika mifupa na meno ya wanyama wa kale ili kujua nasaba zao.

Yafaa kwanza taaluma yenyewe ielezwe. Mfupa na jino vina protini ndani yake. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na mfuatano wa asidi hizo hutofautiana kidogo kati ya spishi na spishi. Kadiri spishi mbili zilivyoachana zamani zaidi, ndivyo tofauti hizo zinavyoelekea kuwa nyingi. Mtaalamu huchukua sehemu ndogo ya mfupa au jino, akaondoa madini yake kwa asidi, na mara nyingi akaikata minyororo kwa kimeng'enya. Kisha hupima vipande kwa mashine inayovitenga kwa kadiri ya tungamo na chaji ya umeme. Kutokana na vipande hivyo mfuatano hujengwa upya, ukalinganishwa na ule wa wanyama walio hai.

Mtu aweza kuuliza: jambo hili latuhusu nini sisi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali? Latuhusu sana, kwa sababu sehemu ya ushahidi wake imetoka katika ardhi yetu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wamesoma vipande vya protini kutoka maganda ya mayai ya mbuni yaliyookotwa Olduvai na Laetoli, na kwamba maganda ya Laetoli yana umri wa miaka milioni 3.8. Protini hiyo ilidumu kwa kuwa ilijishikiza barabara juu ya fuwele za madini ya ganda. Mbuni ni ndege, si mamalia. Lakini jambo hilo lilionyesha kwamba joto la Afrika Mashariki halifuti kila kitu. Mwaka 2025 ikawa zamu ya mamalia: watafiti walieleza protini kutoka enameli ya meno ya wanyama wa bonde la Turkana, Kenya, mengine yakiwa na umri wa miaka milioni 18, na miongoni mwa wanyama hao walikuwamo jamaa wa kale wa tembo na kifaru. Mwaka uo huo zilitangazwa protini za meno ya Paranthropus robustus kutoka Swartkrans, Afrika Kusini, yenye umri wa miaka milioni 2 hivi. Jamaa wa kiumbe huyo, aliyegunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 na kupewa jina la Zinjanthropus, ndiye ambaye fuvu lake limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Basi mtaa ubebao jina la mwandishi wetu mkubwa wa Kiswahili ndio wenye jumba litunzalo mfupa huo. Itakuwa ajabu lugha yake ishindwe kuueleza.

1. Kisukuku

Neno kisukuku limekwisha kukubalika, nasi hatuna nia ya kulibadili. Tunachohakiki ni maelezo yake. Shuleni na katika tafsiri nyingi kisukuku huelezwa kuwa ni mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe. Maelezo hayo ni mafupi, hukaririka upesi, na kwa sababu hiyo yamependwa. Lakini mwanafunzi aliyeyakariri, akisoma kwamba protini imetolewa katika kisukuku, ana haki ya kukataa. Jiwe halina protini. Akili yake imefanya kazi sawasawa. Kilichomponza ni maelezo aliyopewa.

Kweli ni kwamba kugeuka jiwe ni hali mojawapo tu. Kuna visukuku ambavyo madini yamechukua nafasi ya karibu kila kitu. Kuna vingine ambavyo madini ya asili ya mfupa au jino yamebaki, na ndani yake masalio ya protini. Kuna visukuku ambavyo havikuwa mwili hata siku moja, kama nyayo za Laetoli zilizofukuliwa kuanzia mwaka 1978, ambazo ni alama tu katika majivu ya volkeno yaliyogandamana. Kwa hiyo tunapendekeza kisukuku kielezwe kuwa ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ardhini. Kama kimegeuka jiwe, na isemwe hivyo: kisukuku kilichogeuka jiwe. Kama ni mfupa ambao haujageuka, na uitwe mfupa wa kale. Jiwe liwe sifa ya baadhi ya visukuku, lisiwe sharti la vyote.

2. Kolajeni

Protini iliyo nyingi kuliko zote katika mfupa ni kolajeni. Wako wanaotaka neno hilo la kigeni liondolewe, badala yake tuseme gundi ya mfupa. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwani jina la kigeni lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Zaidi ya hayo, kitu chenyewe kinajulikana sana mjini. Apitaye Kariakoo asubuhi, mahali supu ya makongoro inapouzwa, huona kwamba supu ikiwa ya moto hutiririka, na ikipoa huganda mpaka kijiko kikasimama. Kinachoiganda ni kolajeni ya ngozi, kano na mifupa ya miguu ya ng'ombe, iliyoachiliwa na maji ya moto ikawa jelatini. Mchinjaji na mpishi wana maneno kamili ya sehemu hizi: kano, gegedu, uboho, ukano. Mwalimu wa biolojia asiyeyatumia maneno hayo anaacha hazina mlangoni.

Hata hivyo hatukubali gundi ya mfupa iwe istilahi. Gundi, kama ilivyo supu iliyoganda, ni kile kipatikanacho baada ya kuchemsha. Kolajeni ni kile kilichokuwamo kabla ya moto, minyororo mitatu iliyosokotana kama kamba. Na tofauti hii ndiyo kiini cha taaluma tunayoijadili: ardhi yenye joto huufanyia mfupa polepole yale ambayo sufuria hufanya kwa saa chache. Ndiyo maana kolajeni ya kale sana imepatikana zaidi katika nchi za baridi, kama ile ya ngamia wa kaskazini kabisa mwa Kanada, aliyeishi yapata miaka milioni 3.5 iliyopita. Huku kwetu watafiti wamelazimika kugeukia enameli ya jino na ganda la yai, ambako madini hulinda protini vizuri zaidi. Tukikiita kitu cha kabla na kitu cha baada kwa jina moja la gundi, hatuwezi tena kueleza kwa nini kimoja kimedumu na kingine kimepotea. Basi kolajeni ibaki kolajeni, jelatini ibaki jelatini, na supu ya makongoro iwe mfano wa darasani.

Tuongeze neno juu ya mashine. Kuiita mashine ya kupimia uzito wa protini kunamfanya msomaji awaze mizani ya muuza nyama. Mashine hii hailemewi na kitu. Hutenga chembe zenye chaji kwa tungamo zake. Spektromita ya tungamo yatosha.

3. Vinasaba

Neno vinasaba limeenea kwa kasi, na kipimo cha vinasaba ni jambo ambalo wananchi wengi wamelisikia mahakamani na hospitalini. Ni neno zuri: limetoka katika nasaba, na msomaji hubahatisha maana yake bila kufundishwa. Lakini uzuri huo ndio umelifanya lianze kumeza maneno ya jirani. Kila kipimo kinachohusu ukoo wa kiumbe huelekea kuitwa kipimo cha vinasaba, hata pale kilichopimwa ni protini.

Kosa hili si dogo. Vinasaba ndivyo vyenye maagizo. Protini ni kitu kilichojengwa kwa kufuata maagizo hayo. Atakaye kujua ramani ya nyumba aweza kuipata kwa sehemu kwa kuitazama nyumba, lakini nyumba si ramani. Tena vinasaba huvunjika upesi zaidi. Vile vya mamothi vilivyosomwa mwaka 2021, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja, vilitoka katika meno yaliyokaa ndani ya ardhi iliyoganda kwa barafu kule Siberia. Msomaji akiambiwa kwamba vinasaba vya miaka milioni 18 vimepatikana Turkana, ameambiwa jambo ambalo halikutokea. Na mwandishi wa habari aliyeliandika hakukusudia uongo; alipewa neno moja kwa vitu viwili. Pendekezo letu: vinasaba visitumike kwa protini hata mara moja. Isemwe kusoma protini za kale, au kutafuta nasaba kwa protini.

4. Undugu na mageuko

Hapa Kiswahili ni tajiri, nasi hatuna haja ya kukopa. Tuna nasaba, ukoo, mlango, tumbo, jamaa, ndugu. Tatizo ni kwamba wafasiri wengi huchanganya undugu na kufanana. Wakikuta maelezo kwamba mnyama fulani yumo katika kundi moja na mwingine, huandika kwamba anafanana naye. Msomaji hutafuta mfanano asiuone, akaliacha somo kwa kuliona la upuuzi.

Tutazame wanyama wa nchini kwetu. Muhanga na kakakuona wote hula mchwa na sisimizi, wote wana ulimi mrefu na kucha za kufukulia. Lakini jamaa wa karibu wa kakakuona ni wanyama walao nyama, naye muhanga yumo katika ukoo mmoja na tembo. Katika ukoo huo wa tembo wamo pia pimbi akaaye mawemawe na nguva wa bahari ya Mafia na Rufiji. Yumo sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye zamani wataalamu wa Ulaya walimhesabu pamoja na virukanjia wa ardhini kwa sababu ya umbo lake. Siku hizi wengi wao wamelichukua jina hilo sengi kutoka lugha zetu za Kibantu, kwa kuwa jina lao la zamani lilipotosha. Hapo lugha yetu imetoa istilahi kwa dunia, na sababu iliyofanya ikubalike ni ile ile tunayoitetea katika makala haya.

Kwa wanyama wasiokuwapo tena kishawishi cha umbo ni kikubwa zaidi, kwani hakuna kilichobaki ila umbo la mfupa. Katika miaka ya 1830 Charles Darwin aliokota na kununua mifupa ya wanyama wawili wa Amerika ya Kusini walioitwa baadaye Toxodon na Macrauchenia. Kwa zaidi ya karne moja na nusu wataalamu walibishana juu ya ukoo wao. Kila kiungo kilielekeza upande wake, na wako waliowahusisha na jamaa za tembo. Mwaka 2015 kolajeni ya mifupa yao ilisomwa, ikaonyesha kwamba wako karibu na ukoo wa farasi, kifaru na tapiri. Mwaka 2019 protini za enameli zilionyesha kwamba Gigantopithecus, sokwe mkubwa wa kale wa China, alikuwa wa mlango wa karibu na orangutani. Mifano hii haiwezi kutafsirika kwa neno kufanana. Inadai undugu na nasaba. Kwa tawi zima la wanyama waliotokana na mzazi mmoja, tunapendekeza mlango, kama tusemavyo juu ya milango ya ukoo wa watu.

Pamoja na hayo, tuachane na mageuzi kwa maana ya kibiolojia. Tangu kuanza kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, mageuzi yamekuwa kwa Mtanzania neno la siasa na uchumi: ni mabadiliko yaliyokusudiwa na watu. Spishi hazikukusudia. Mageuko, yaani kugeuka kwenyewe, ndilo neno linalofaa.

5. Kutoweka

Juu ya neno hili tutasema machache. Kifaru ametoweka katika mbuga nyingi, lakini yuko Ngorongoro. Chura wa Kihansi alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili, naye akarudishwa bondeni mwaka 2012 kutoka vizazi vilivyofugwa Marekani. Toxodon hatarudi. Vitu hivi vitatu vikiitwa kutoweka bila nyongeza, afisa wa wanyamapori na mwanafunzi wa visukuku watakuwa wanazungumza lugha mbili. Kutoweka kusiandikwe bila kutaja mahali: katika mbuga fulani, porini, au duniani.

6. Sampuli

Tumeliacha neno hili mwisho kwa sababu ndilo lenye madhara makubwa, na ndilo lisilotiliwa shaka na mtu. Sampuli ni neno la kila siku. Katika maduka ya Kariakoo mwenye kitenge huonyesha sampuli, mteja akaigusa, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. Muuza mchele huchota kiganja kimoja, mnunuzi akakinusa na kukitazama, kisha punje zikarudi guniani. Sampuli ya soko ni kitu kinachoonyeshwa na kurudi. Hilo ndilo wazo analokuwa nalo Mtanzania anapolisoma neno hili.

Sampuli ya protini hairudi. Mfupa hukatwa au husagwa, enameli huliwa na asidi, na mwisho wa kazi kilichobaki ni namba katika mashine. Kiasi chenyewe ni kidogo, mara nyingi kisichofika gramu moja, na njia mpya zinazidi kukipunguza. Lakini fuvu la aina yake peke yake halina gramu ya ziada. Jino likitobolewa leo, halitakuwapo zima kwa ajili ya njia bora zaidi ya kesho.

Basi tumfikirie mtumishi wa serikali mwenye faili mezani. Ombi limetafsiriwa kwa Kiswahili safi: watafiti wanaomba kuchukua sampuli za meno kwa ajili ya uchunguzi wa protini. Hakuna neno lisilo sanifu. Mtumishi huyo anajua sampuli ni nini. Amezishika dukani tangu utotoni. Anajua uchunguzi: ni kutazama kwa makini. Anatia sahihi, akiamini kwamba ameruhusu kitu kitazamwe. Hakudanganywa na mtafiti, wala hakuzembea. Ameruhusu kitu kiteketezwe bila kujua, kwa sababu lugha ya faili haikumwambia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda urithi huu, lakini sheria husomwa kwa maneno, na neno laini hupita mahali ambapo neno kali lingesimamishwa.

Kuna waliopendekeza upimaji mharibifu. Ni kweli, lakini uharibifu kwetu ni neno la lawama. Mtafiti ataliepuka, na istilahi inayoepukwa haitumiki. Tunapendekeza neno lisilolaumu wala kuficha: sampuli isiyorudi. Mkabala wake ni sampuli ya kurudishwa. Mtu wa soko ataelewa tofauti papo hapo, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Tunapendekeza pia kwamba mfasiri wa ombi lolote la namna hii asiliache neno sampuli peke yake, bali ahakikishe tafsiri inaeleza mambo matatu yaliyo katika ombi la asili: sehemu gani ya kielelezo itachukuliwa, kwa uzito gani, na kama itarudi. Ombi la asili likiwa kimya juu ya hayo, mfasiri aandike pembeni kwamba liko kimya. Kufanya hivyo si kuingilia kazi ya mtaalamu. Ni kuhakikisha kwamba msomaji wa Kiswahili haelewi kidogo kuliko msomaji wa lugha nyingine.

Wako watakaotushutumu kwamba tunataka kuzuia utafiti kwa hila ya maneno. La. Protini za kale zimetatua mabishano ambayo mifupa peke yake haikuweza kuyatatua, na tungependa vijana wetu wazisome, tena wazisome humu nchini. Anayejua anachokitoa hutoa kwa hiari, na kibali kilichotolewa kwa kuelewa kina nguvu kuliko kilichopatikana kwa ukungu wa tafsiri. Huenda sampuli nyingine isiyorudi yastahili kabisa kutolewa. Wenye dhamana waamue hivyo wakijua.

Mapendekezo yetu, basi, ni haya: kisukuku kielezwe bila sharti la jiwe, kolajeni na jelatini zitofautishwe, vinasaba visiitwe kwa protini, undugu usigeuzwe kufanana, mageuko yachukue nafasi ya mageuzi, kutoweka kutajiwe mahali, na sampuli igawanywe mara mbili, irudiyo na isiyorudi. Wasomaji, hasa walimu wa sayansi na wanaoshughulikia vibali, wanaombwa kuleta maoni yao kabla istilahi hizi hazijapelekwa kusanifiwa. Kwa neno la mwisho tungependa zaidi kusikia kutoka kwa wale ambao sahihi zao huwekwa chini ya maombi hayo.